Tarumbeta ya Pili

Nchi yetu siitaji jina, si kwa sababu naogopa, bali kwa sababu hakuna aliyeniomba nilitaje. Ni nchi nzuri. Ina mlima mmoja, bahari kidogo, na amani. Amani hiyo ndiyo iliyoleta haya nitakayoeleza, maana mwaka jana Serikali iligundua kwamba imezidi.

"Imezidi," alisema Waziri wa Ulinzi, Mheshimiwa Tindwa, redioni, kwa sauti ya daktari anayemsomea mgonjwa majibu ya sukari. "Hatuwezi kuendelea kuwa na kambi saba za jeshi katika amani ya kiwango hiki. Majirani wataanza kutushangaa."

Basi ikaamuliwa kambi moja ifungwe, nayo ikawa ya Majabali, mji wetu.

Mimi nilikuwa karani wa Kamati ya Kutafuta Sababu. Kamati hii haiamui kitu. Uamuzi hufika ukiwa umeshaiva, ndani ya bahasha yenye lakiri. Kinachokosekana ni sababu, na sababu ndiyo kazi yetu. Nilipata nafasi hiyo nilipotoka chuo cha uhazili. Barua ya ajira ilisema nimechaguliwa kwa kuwa "ana mwandiko mzuri na haongei." Mama aliiweka barua hiyo kwenye fremu.

Katika kikao cha kwanza wajumbe walifanya kazi kwa bidii. Mmoja alisema Majabali kuna vumbi, na vumbi hudhoofisha uzalendo. Mwingine alisema kambi iko mbali mno na adui.

"Adui yupi?" aliuliza Mwenyekiti, Bwana Mwinshehe.

"Yeyote, Mwenyekiti. Nimepima kwenye ramani. Popote utakapomweka adui, Majabali ni mbali."

Niliandika. Mjumbe wa tatu, mzee mwenye usingizi, alizinduka akasema kwamba kwani tunahangaika nini, si kila mtu anajua chini ya uwanja wa gwaride kuna mawe ya chokaa, na shemeji wa Mheshimiwa Tindwa ameshasajili kiwanda cha saruji? Tena wale askari elfu nne na wake zao, uchaguzi uliopita si walimpa kura yule mwingine? Wakigawanywa katika kambi sita watakuwa kama chumvi kidogo katika masufuria sita. Hakuna atakayesikia ladha yake.

Feni ilikuwa ikizunguka, nayo nikaona kama imepunguza mwendo. Mwenyekiti hakumtazama mzee. Alinitazama mimi. Nilikata ule mstari kwa rula, mara mbili, kisha nikaupaka wino. Kikao kilichofuata kiti cha yule mzee kilikuwa na mtu mwingine, naye alitusalimu kama mtu tuliyezoeana naye siku nyingi. Wote tulimwitikia.

Lazima nieleze kuhusu tarumbeta.

Kila siku saa kumi na mbili jioni kambi zetu hushusha bendera. Tarumbeta ya kwanza ikilia, kila anayeisikia husimama pale pale alipo na vile vile alivyo. Mwenye ndoo kichwani husimama nayo. Anayekunywa chai hubaki na kikombe mdomoni. Tarumbeta ya pili ikilia, maisha huendelea. Katikati ni dakika tatu, na katika dakika hizo hakuna anayesogea.

Fundi baiskeli Mkwizu alijikuna shingo, miaka mitano iliyopita. Mbu, walisema waliokuwa karibu. Walikuja mabwana wawili wa Idara ya Utulivu, watu wa adabu sana, wakamwomba awafuate akawatengenezee baiskeli mahali fulani. Mkewe mpaka leo humpigia pasi shati moja kila Ijumaa akalitundika mlangoni, kwa kuwa waliondoka siku ya Ijumaa na mmoja wao alisema hawatakawia.

Mpiga tarumbeta wa Majabali alikuwa shemeji yangu, Koplo Matimbwa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mashavu ambayo hayakulingana naye hata kidogo, na alimwoa dada yangu Havijawa kwa sababu, alisema, ndiye peke yake aliyewahi kumtazama kwa jicho la kuzungushwa akiwa amesimama kati ya tarumbeta mbili.

"Jicho halikutajwa kwenye sheria," alijibu dada. "Nilisoma."

Wakati kamati inakaa, dada alikuwa na mimba ya miezi minane. Na hospitali pekee yenye wodi ya wazazi katika umbali wa safari ya siku nzima ilikuwa ile ya kambini.

Suala la hospitali lilifika mbele ya kamati alasiri moja. Je, ifungwe pamoja na kambi, au iachiwe raia? Kura zilikuwa tatu kwa tatu. Nilikuwa nataka kuuliza jambo moja dogo: wajawazito waende wapi? Sikuwa nimewahi kusema neno katika kikao. Nilifanya kama tulivyofundishwa shuleni, nikanyoosha mkono kuomba ruhusa.

"Na karani naye anaunga mkono kufungwa," alisema Mwenyekiti. "Nne kwa tatu. Ahsante, binti, umetuokoa."

"Mimi sikuwa..."

"Andika," alisema kwa upole.

Niliandika.

Nyumbani jioni ile dada alikuwa amelaza miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya karanga.

"Mwajabu, wewe si ndiyo serikali? Waambie wasubiri nizae kwanza."

"Mwache mwenzio," alisema Mama. "Yeye anaandika tu."

"Basi aandike wasubiri."

Nilimsaidia kumenya karanga. Habari ya mkono sikumwambia. Nilimwambia karanga za msimu huu ni ndogo.

Siku ya kufunga kambi ilipopangwa, mimi ndiye niliyechapa ratiba. Awali ilikuwa hivi: tarumbeta ya kwanza, kushusha bendera, tarumbeta ya pili, makabidhiano ya vifaa, uhamisho wa askari. Lakini Mheshimiwa Tindwa alikuwa na haraka ya kuwakabidhi funguo watu wa saruji, kwa hiyo Mwenyekiti alichukua kalamu nyekundu akapandisha hayo mawili ya mwisho juu. Ikawa tarumbeta, bendera, makabidhiano ya vifaa vyote na uhamisho wa askari wote saa kumi na mbili na dakika tatu, kisha tarumbeta ya pili.

Niliona kosa. Niliona wakati vidole viko kwenye mashine. Tarumbeta ni kifaa, na mpigaji ni askari. Nilikaa nikaitazama karatasi. Mwenyekiti alikuwa dirishani anajisafisha meno kwa kijiti, na mgongo wake ulikuwa mpana. Nikachapa nakala mia mbili.

Siku yenyewe mji mzima uliamriwa kuhudhuria kwa furaha. Tulijipanga uwanjani tangu saa tisa. Mimi nilikaa jukwaani nyuma ya Mheshimiwa na faili mapajani, na kwa kuwa jukwaa liko juu niliwaona wote: mkewe Mkwizu na gauni lake la bluu, Mama, na dada Havijawa katikati ya umati, mkono kiunoni, uso umejikunja. Nilijua kukunjika kule. Hakukuwa kwa sababu ya jua.

Mheshimiwa alihutubia kwa saa mbili. Alisema taifa lisilo na kambi ni kama nyumba isiyo na kufuli, yaani nyumba inayoaminiana. Alisema kambi ya kijijini kwao, yenye jenerali mmoja, wapishi wawili na ng'ombe, haiwezi kufungwa kwa kuwa ni ya kimkakati. Mwisho alisema kwa sauti ya kutetemeka kwamba leo, siku ya kihistoria, atakayesogea kabla ya tarumbeta ya pili atakuwa amelisogelea taifa lenyewe kwa nia mbaya, awe nani. "Awe nani," alirudia, na bwana mmoja wa Idara ya Utulivu aliyesimama pembeni ya jukwaa aliandika kwenye kitabu chake.

Saa kumi na mbili, Koplo Matimbwa alipuliza tarumbeta ya kwanza. Aliipiga vizuri, akimtazama mkewe. Watu elfu kadhaa walikauka. Bendera ikashuka. Saa kumi na mbili na dakika tatu, kama ilivyoandikwa, afisa wa vifaa, Bwana Ngwembe, aliyekuwa na kibali cha kusogea kwa dakika moja tu, alichukua tarumbeta mkononi mwa shemeji yangu, akaitia kwenye sanduku, akaipiga misumari, akabandika karatasi, akasimama wima. Dakika yake ikaisha.

Hapo tukabaki.

Mwanzoni nilidhani wenzangu hawajagundua. Kisha nikaona jasho likimshuka Mheshimiwa nyuma ya sikio. Sheria haikutaja midomo, ila hakuna aliyewahi kuijaribu. Aliongea bila kuisogeza.

"Karani. Ratiba inasemaje?"

"Tarumbeta ya pili, Mheshimiwa."

"Ipigwe."

"Imo sandukuni, Mheshimiwa."

"Sanduku lifunguliwe."

"Atakayelifungua itabidi asogee, Mheshimiwa."

Alipumua kupitia puani. "Yule mpigaji?"

"Amehamishwa, Mheshimiwa. Tangu dakika tatu zilizopita yeye ni wa Kambi ya Kaskazini. Hapa ni mgeni."

Mheshimiwa alimtazama bwana wa Idara ya Utulivu kwa pembe ya jicho. Yule bwana alikuwa amesimama kalamu ikiwa juu ya karatasi, naye akimtazama Mheshimiwa kwa pembe ya jicho lake, na nyuma yake palikuwa na bwana mwingine wa Idara hiyo hiyo ambaye kazi yake ni kumtazama wa kwanza. Nilielewa kwamba hakuna mtu pale uwanjani anayeweza kuturuhusu. Wote walikuwa wanaogopa, kuanzia juu, na ile hofu haikuwa na mwenyewe wa kumwendea.

Jua lilianza kuzama. Ndipo dada alipotoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayesukuma kabati zito peke yake. Mama alikuwa hatua sita kutoka kwake, mikono imebana kanga, machozi yanamtiririka bila kupanguswa. Koplo Matimbwa alisimama mbele na mikono yake mitupu ikiwa bado imeshika tarumbeta isiyokuwepo. Hospitali ilikuwa nyuma ya jukwaa, hatua mia mbili, na kufuli jipya la kiwanda cha saruji mlangoni.

Nilijiambia, simama, Mwajabu. Nyanyuka na faili lako, shuka ngazi. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Miguu yangu ilikuwa na shati la Mkwizu machoni pake, kama miguu ina macho. Sikusogea. Naandika hivi kwa sababu kumbukumbu lazima iwe kamili.

Lakini kitu kilikuwa kinatokea kule chini. Mkewe Mkwizu alikuwa mkono wa kushoto wa dada, mbali kidogo. Nilipopepesa, alikuwa karibu zaidi. Nilimkazia macho, hasogei. Nikapepesa tena, gauni la bluu limekaribia. Kisha Mama. Kisha muuza maandazi, kisha Nesi Domina wa ile hospitali. Walikuwa wanaburuza nyayo kwa upana wa kidole, kila walipovuta pumzi, nyuso zikiwa mbele, mikono ikiwa ubavuni. Bila mwanamke hata mmoja kusogea, duara lilijifunga. Kanga zikagusana. Nesi Domina akashuka magotini taratibu kama mshumaa unaoyeyuka.

Sikuona tena. Niliona visogo vya wanawake tu, vimenyooka kuelekea mlingoti usio na bendera.

Kisha mtoto akalia.

Alilia kwa nguvu ambayo Majabali haijasahau. Sauti ilipanda, ikakatika, ikapanda tena, katika uwanja ule uliokuwa kimya kabisa. Hakuna aliyesogea. Mheshimiwa Tindwa, ambaye kwa nusu saa alikuwa amebana mapaja kwa sababu ambazo hazikuhitaji kamati, aliruka juu.

"Tarumbeta ya pili hiyo," alisema kwenye kipaza sauti. "Mmeisikia. Mtoto wa mpiga tarumbeta. Sherehe imekwisha." Na akakimbia kuelekea vyooni, na bwana wa Utulivu nyuma yake, na bwana wa bwana wa Utulivu nyuma yao.

Shemeji aliruhusiwa kumshika mwanawe kwa muda wa kupakia lori. Walimpakia na wenzake kwenda Kaskazini. Dada aliniomba jina la mtoto, mimi mwenye mwandiko mzuri. Nilisema aitwe Faraji.

Siku ya nne Bwana Ngwembe alibisha hodi. Alivua kofia, akakataa chai, akatoa mfukoni kibandiko cha bati chenye tundu na kamba.

"Ni KM, TRB, mbili," alisema. "Kambi ya Majabali, tarumbeta, namba mbili. Ile ya kwanza imo sandukuni. Hii imetangazwa rasmi na Mheshimiwa mwenyewe, kwenye kipaza sauti. Vifaa vyote vya kambi vinatakiwa ghala kuu."

Dada alidhani anatania. Alicheka, kisha akamwona anaifunga ile kamba kwenye kifundo cha mkono wa Faraji, kwa uangalifu sana, asimbane.

"Baba, huyu ni mtoto," alisema Mama.

"Najua, mama. Mimi mwenyewe ninao watatu," alisema Bwana Ngwembe. "Ndiyo maana siwezi kurudi mikono mitupu. Nimeomba mpaka Alhamisi. Zaidi sikuweza."

Dada hakulia. Alinigeukia. "Mwajabu," alisema, "wewe unaandika tu?"

Kamati ya Kutafuta Sababu iliitishwa siku ya Jumatano, maana uamuzi ulikuwa umeshafika: kifaa kichukuliwe. Wajumbe walitafuta sababu. Mmoja alisema sauti yake ni ya kimkakati. Mwingine alisema shemeji wa Mheshimiwa anahitaji king'ora kiwandani. Mwenyekiti aliuliza kama kuna neno jingine kabla ya kufunga.

Safari hii sikunyoosha mkono. Niliogopa mkono. Nilisimama, na faili likaanguka.

"Kimeharibika," nilisema.

Vichwa sita viligeuka. Sijui walishtuka kwa neno au kwa kugundua kwamba nina sauti.

"Kifaa kimeharibika, Mwenyekiti. Tangu siku ile hakijatoa sauti. Kanuni za vifaa zinasema kilichoharibika hufutwa. Ukurasa wa kumi na tisa. Nimeuchapa mimi."

Mwenyekiti alinitazama kwa muda mrefu, na nikaanza kufikiri ni gauni gani Mama atanipigia pasi.

"Kijaribiwe," alisema mwisho. "Leo. Saa kumi na mbili kamili."

Tulimleta Faraji kwa bajaji. Dada hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa anayeingia na kifaa ni karani. Nilisimama nikiwa nimempakata, siku zake sita duniani, kibandiko mkononi, macho yamefumba. Alikuwa hajanyonya tangu saa tisa, kwa sababu bajaji iliharibika njiani na tukamalizia kwa miguu bila nafasi ya kusimama, na nilisikia kilio kikikusanyika ndani yake kama maji kwenye birika. Nilimfunika kwa faili la kamati. Chini ya faili nilimtia kidole changu kidogo mdomoni.

Saa ya ukutani iligonga. Mwenyekiti alipiga makofi karibu na sikio la mtoto. Bwana mpya, aliyekaa kwenye kiti cha yule mzee, alidondosha kitabu kizito sakafuni. Mimi ndiye niliyeruka. Faraji alifumbua macho akanitazama, akakikamata kidole kwa fizi zake zote, akavuta. Alivuta kana kwamba kitatoa maziwa. Nilimwomba kimoyomoyo asigundue. Dakika tatu. Alikuwa bado hajagundua.

"Hakifanyi kazi," alisema Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye amelowa jasho. "Andika. Kimefutwa. Na iandikwe pia kwamba atakayeficha kifaa kinachofanya kazi kwa kudai kimeharibika, atakuwa ameficha kifaa."

Niliandika kwa mkono mmoja.

Bwana Ngwembe alikuja kukata kibandiko. Alilikata lile bati vipande viwili, akatoka mbio bila kuaga, na nje ya ua tulimsikia akipenga kamasi.

Ni miezi minane sasa. Kambi haipo, pale kwenye uwanja wa gwaride kuna shimo, na vumbi jeupe limetanda juu ya mji mzima. Askari wetu wamegawanywa vizuri. Mheshimiwa Tindwa alishinda uchaguzi na sababu zote zilipatikana. Saa kumi na mbili jioni hakuna tena tarumbeta, lakini watu bado husimama, kwa kuwa hakuna aliyetuambia tuache. Kwa kuwa hakuna ya pili, kila mtu hukisia mwenyewe wakati wa kusogea, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

Bwana mmoja mwenye adabu amepanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu. Hutusalimu kila siku. Huuliza mtoto hajambo.

Sisi tunapokezana. Asubuhi Mama, mchana dada, jioni mimi. Mdomo wa Faraji ukianza tu kukunjika, mmoja wetu yuko karibu, ama na titi, ama kijiko cha uji, ama kidole. Mwanzoni alikuwa akishtuka. Siku hizi ameelewa mwenyewe. Juzi alianguka kutoka kitandani, kichwa kikagonga sakafu ya saruji. Tulikimbia wote watatu. Alikuwa amekaa, uvimbe unapanda kwenye paji la uso, machozi yanamwagika kama mvua. Midomo alikuwa ameifunga. Alinitazama, akanyoosha mkono wake mdogo, akanitia kidole chake mdomoni.

Majirani wote wanamsifu. Wanasema hawajawahi kuona mtoto mtulivu kama huyu.